Hongera Isiyo Nusu

Wako wasemao kuwa mwanamke aliyepasuliwa hakujifungua, bali alifunguliwa. Kwamba uchungu ndio umama, na kisu ni desturi ya kigeni. Hoja hizi hazisimami.

Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alimshuhudia mganga mwenyeji huko Kahura, katika Bunyoro, Uganda, akimpasua mzazi. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, tumbo likaoshwa kwa pombe hiyo hiyo, na jeraha likabanwa kwa pini za chuma. Baada ya siku 11 lilikuwa limepona. Basi ugeni wa kisu u wapi?

Na uchungu je? Wengi hupasuliwa baada ya kuumwa usiku kucha. Wengine, kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, hulala mezani wakiwa macho, wakasikia kilio cha kwanza cha mtoto, wakawekewa kifuani. Wakitaka kuisimulia furaha hiyo, hunyamazishwa na swali la jirani: “Kwani ulishindwa?”

Upasuaji usio na haja haustahili kutetewa. Lakini aliyeutoa mwili wake ukatwe ili mwana aishi hakushindwa, amejifungua. Hongera yake na iwe nzima.