Mjusi wa Tendaguru na Wasafiri Wetu

Wafanyakazi na viongozi wa matawi husafiri siku hizi kuliko zamani. Huyu aenda Ujerumani kwa semina ya vyama vya wafanyakazi, yule apanda basi kwenda mkutanoni Iringa au Songea. Warudipo twawauliza waliona nini, na jibu ni lile lile: ukumbi wa mkutano, hoteli na maduka. Hatuwalaumu kwa kununua viatu vya watoto. Mzazi arudiye mikono mitupu ayajua makaribisho yake. Lakini iko hesabu ambayo haijakamilika.

Mjini Berlin limo jumba la makumbusho liitwalo Museum für Naturkunde. Katika ukumbi wake mkubwa amesimamishwa mjusi wa kale mwenye kimo cha mita 13.27. Mifupa yake ilitoka katika kilima cha Tendaguru, Mkoa wa Lindi. Wajerumani waliichimba kati ya mwaka 1909 na 1913, nao mjusi akasimamishwa mwaka 1937. Watu wa mataifa yote huingia, huinua shingo, hustaajabu, kisha hutoka. Mtanzania asimamapo hapo hana budi kustaajabu kwa namna nyingine.

Nani aliichukua mifupa hiyo hadi pwani? Hapakuwa na reli wala barabara ya magari, na mbung'o walizuia wanyama wa kubeba. Shehena yote, zaidi ya tani 200, ilikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku kama nne kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi, mzigo baada ya mzigo, miaka minne. Walioichimba walihesabika kwa mamia. Msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, aliijua kazi ya kuufukua mfupa bila kuuvunja kama fundi yeyote wa Ulaya. Wakubwa wa msafara, Janensch na Hennig, waliandika vitabu wakaheshimiwa kwa elimu yao. Hatuwanyimi heshima hiyo. Lakini yafaa kukumbuka kwamba uchimbaji ulianza miaka miwili tu baada ya Vita vya Majimaji, vilivyokwisha mwaka 1907, wakati kusini kote kulikuwa kumechomwa mashamba na ghala, na njaa imeua watu wengi. Mshahara ulilipwa, ndiyo. Ila mtu aliyetoka katika njaa hauzi jasho lake kwa bei aitakayo.

Hapa ndipo lazuka swali ambalo limeulizwa hata Bungeni zaidi ya mara moja: mjusi arudi au asirudi? Wako wasemao arudi kesho. Wako wasemao mifupa hiyo ni dhaifu, jumba la kuiweka ni ghali, afadhali tupate faida kwa njia nyingine. Sisi twaona pande zote mbili zaweza kusema kweli, lakini neno la mtu aliyekwenda akaona lina uzito kuliko la aliyesimuliwa. Mjumbe wetu apitapo Berlin na aingie. Asome vibao. Atazame kama wapagazi wametajwa, na kwa maneno gani. Akirudi, atoe taarifa tawini kama atoavyo taarifa ya semina.

Wala asidhani kwamba kudai ni kazi bure. Fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe, liliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kwamba lirudishwe katika miezi sita. Miezi sita hiyo ikawa miaka 35! Lilirudi mwaka 1954, nalo limo Kalenga, si mbali na mji wa Iringa. Ni wajumbe wangapi waliokwisha kukutana Iringa, wakatia saini posho zao, wakaondoka bila kufika Kalenga? Na Songea je? Huko yako Makumbusho ya Majimaji, mahali pa kukumbuka watu 67 walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni. Sababu ya fedha haitoshi.

Mambo hayo si ya kale tu. Mwezi Septemba 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika ya Mashariki zama za ukoloni: mengi ni ya Rwanda, na 202 ni ya nchi yetu. Kwa baadhi yake wamepatikana jamaa walio hai hapa hapa Tanzania. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea, akaomba msamaha, na akawaahidi wajukuu wa Nduna Songea Mbano kwamba fuvu la babu yao litatafutwa. Ahadi imetolewa mbele ya watu. Basi kila mjumbe wetu aendaye Berlin kwa kazi yoyote, awe wa bandari, wa reli au wa shule, aulize huko, kwa adabu na bila woga, utafutaji huo umefika wapi.