Waya wa Ardhi ni Sehemu ya Kodi ya Nyumba



Mara nyingi katika kurasa hizi tumeandika juu ya mshahara, saa za ziada na likizo. Leo twaandika juu ya stima iliyo ndani ya nyumba zetu, maana stima hiyo inakula mali ya mfanya kazi, na mali yenyewe ni kompyuta.

Wako watakaosema kwamba kompyuta ni kitu cha wakubwa wa ofisi. Siku hizo zimepita. Watoto wetu huitumia kwa masomo. Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni kwisha, sisi sote twapaswa kupeleka hesabu ya kodi ya mapato kwa njia ya mtandao. Wako wake zetu wanaopiga chapa barua za majirani, na kwa kazi hiyo nyumba hupata mboga. Tena wengi wetu tulinunua mashine hizi kwa mkopo wa chama cha akiba, tukakatwa pesa mwezi baada ya mwezi. Basi mashine ikiungua, mkopo hauungui. Mshahara huendelea kukatwa kwa ajili ya kitu ambacho kimekwisha kutupwa.

Mtu akipatwa na jambo hili utamsikia akisema, "Ni bahati mbaya, stima ilirudi kwa nguvu." Sisi twasema si bahati. Uharibifu huu una sababu zake, sababu hizo zinajulikana, na nyingi zinaweza kuzuiwa kwa fedha chache kuliko bei ya kompyuta moja.

Sisi watu wa reli twapaswa kulijua neno hili kuliko wengine. Katika injini zetu za dizeli, mtambo wa mafuta huzungusha jenereta, na jenereta hupeleka stima kwenye mota za magurudumu. Ndani yake kimewekwa kifaa cha kulinda: stima ikivuja na kugusa mwili wa injini, kifaa hicho hukata nguvu mara moja, hata kama treni inapanda mlima. Hakuna anayesema kwamba ni gharama ya bure. Lakini dereva wa injini hiyo akimaliza zamu yake, hurudi kulala katika chumba ambacho soketi zake hazina waya wa ardhi. Je, injini ina thamani kuliko watu wa nyumba yake?

Na tueleze kwa lugha nyepesi. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Plagi yetu ina meno matatu: moja la moto, moja la kurudi, na lile refu la juu ni la ardhi. Kazi ya jino la ardhi ni kuipa njia stima iliyovuja, iende kwenye fimbo iliyopigwa udongoni, na fyuzi au swichi ikate, isipite katika mwili wa mtu. Wengi wamegusa sanduku la kompyuta wakahisi vidole vikitekenywa, nao wakacheka. Si jambo la kucheka. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba nyumba haina ardhi. Tena zile soketi za kuzuia stima iliyozidi, ambazo mtu hununua dukani akidhani amemaliza kazi, nyingi huitupa stima hiyo katika waya wa ardhi. Pasipo waya huo, amenunua nusu ya kinga kwa bei ya kinga nzima.

Iko hatari nyingine kubwa zaidi, nayo ni waya wa kurudi. Jengo lenye vyumba vingi mara nyingi huletewa nyaya tatu za moto na mmoja wa kurudi, na vyumba hugawanywa kati ya nyaya hizo tatu. Kati ya waya wa moto na ule wa kurudi ni volti 240, lakini kati ya moto na moto ni volti 415. Waya wa kurudi ukikatika au kulegea, chumba kimoja na kingine huwa kama vimefungwa katika kamba moja kati ya moto na moto. Hapo anayetumia stima nyingi, kama mwenye pasi, hubakiwa na volti chache, na anayetumia kidogo, kama mwenye kompyuta, hutupiwa volti za kuua mashine.

Katika ploti moja tunayoijua, wanakokaa wenzetu kadhaa wa karakana, jambo hili lilitokea jioni. Taa za vyumba vingine ziling'aa kupita kiasi, na za vyumba vingine zikawa hafifu kama mshumaa. Kabla mtu hajafika kwenye swichi kubwa, televisheni mbili, redio moja na kompyuta ya mtoto aliyekuwa karibu na mtihani zilikuwa zimekwisha. Fundi alipokuja alikuta skrubu ya waya wa kurudi imelegea, waya wenyewe umeungua ukawa mweusi. Skrubu moja tu! Mwenye nyumba akasema hayo si juu yake. Wanaouza stima wakasema kosa liko upande wa ndani. Mpangaji akabaki na harufu ya moshi na karatasi ya mkopo.

Twajua pia kwamba si kila uharibifu hutoka ndani ya jengo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na tarehe 10 Desemba mwaka ule ule ikaingia tena. Stima ikikatika ghafla, kompyuta iliyokuwa ikiandika kazi katika diski yake yaweza kuipoteza kazi hiyo. Stima inaporudi, friji, pampu na mota za mtaa mzima huanza kwa pamoja, na volti huweza kuyumba kwa muda. Wanaokaa karibu na ziwa na kule Kisii wana adui mwingine, yaani radi, na kwa radi hakuna dawa ya hakika kuliko kuchomoa plagi mapema.

Sasa wako ndugu wanaosema, "Chama kidai mshahara, mambo ya soketi kila mtu ajionee mwenyewe." Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Nyongeza ya mshahara inayoungua katika soketi si nyongeza. Tena mpangaji mmoja akimwambia mwenye nyumba habari ya waya wa ardhi, hujibiwa kwamba vyumba vingine vipo, ahame. Wapangaji wa ploti nzima wakisema pamoja, hawezi kuwahamisha wote siku moja. Hiyo ndiyo kazi ya chama tangu mwanzo.

Kwa hivyo twapendekeza mambo matatu.

La kwanza, waya wa ardhi, na swichi ya kukata stima ikivuja, vihesabiwe kuwa sehemu ya nyumba kama vile mlango na paa. Tunapolipa kodi, tuwe tumelipia vitu hivyo. Viangaliwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati na petroli, wala si na kijana yeyote mwenye bisibisi.

La pili, chama chetu cha akiba kinapompa mwanachama mkopo wa kompyuta, kimpe ndani ya mkopo huo huo fedha za kununua kinga: ama gadi ya kukata volti zikizidi au zikipungua, ama ile yenye betri inayompa mtu dakika chache za kufunga kazi yake vizuri. Kumkopesha mtu mashine bila kinga ni kama kumpa baiskeli isiyo na breki.

La tatu, kila tawi liweke daftari la hasara za stima. Iandikwe tarehe, saa, ploti, vitu vilivyoungua na maneno ya fundi. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 iliweka EPRA, ikaweka na baraza la kusikiza kesi za nishati na petroli. Lakini malalamiko ya mtu mmoja asiye na maandishi ni kelele. Kurasa ishirini za daftari ni ushahidi.

Na tusidai haki tukasahau wajibu. Tuache kufunga fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi imewekwa ili ife badala ya nyumba. Tuache kuchomeka kijiti au kalamu katika tundu la ardhi ili plagi ya meno mawili iingie. Tusitundike pasi, friji na kompyuta katika ekstensheni moja. Anayenunua kompyuta kuukuu ya mezani iliyotoka ng'ambo atazame nyuma yake: nyingine zina kiswichi kidogo chekundu, nacho kikikaa kwenye 115, volti 240 zitaiua siku ya kwanza. Taa zikianza kung'aa isivyo kawaida, usiulize majirani kwanza, zima swichi kubwa. Stima ikipotea, chomoa mashine, na ikirudi ngoja dakika kadhaa ndipo uchomeke tena.

Lakini mpangaji hata akiwa mwangalifu namna gani, hawezi peke yake kupiga fimbo ya shaba katika udongo wa ploti ya mtu mwingine. Hapo uangalifu wake hukoma na wajibu wa mwenye nyumba huanza. Basi twaomba jambo hili litiwe katika ajenda ya mkutano ujao wa kila tawi, na kila mwanachama aje akijua neno moja juu ya chumba chake: je, soketi yake ina ardhi au haina? Asiyejua amwite fundi mwenye leseni apime kabla ya mkutano. Majibu tukiyaweka mezani pamoja, tutajua ni ploti zipi tuanze nazo.