Saini ya Dada



Juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama, bibi mmoja alinisubiri mlangoni. Ana jirani Mhindu, wamekua pamoja tangu utotoni. Kaka zake jirani huyo, walioko Gujarat, wamempelekea karatasi atie saini kwamba ameiacha haki yake katika shamba la mababu. "Sheikh, kwani kwao mwanamke hurithi?"

Hurithi. Na kwa kuwa ardhi iko India, sheria ya India ndiyo itakayoihukumu, ijapokuwa yeye anaishi Mombasa.

Sisi hatuna mrithi mpaka mauti yafike. Kwa Wahindu wanaofuata madhehebu ya Mitakshara, mali ya ukoo ina hukumu nyingine: mtoto huwa mshirika katika mali hiyo tangu kuzaliwa, na aweza kudai igawanywe hata baba yake angali hai. Tatizo ni kuwa mtoto huyo alikuwa wa kiume tu. Mali aliyoichuma mtu kwa jasho lake ni mlango mwingine. Hiyo mwenyewe aweza kuiusia yote kwa amtakaye, wala hana mpaka wa thuluthi kama sisi.

Sheria yao ya mwaka 1956 ilimpa binti fungu katika sehemu ya marehemu baba yake, lakini haikumtia katika ushirika. Chukua baba aliyefiwa na mkewe, mwenye mwana mmoja na binti mmoja. Akifa, shamba lilihesabiwa kana kwamba limegawanywa kwanza baina yake na mwanawe, nusu kwa nusu. Kisha nusu ya baba ikagawiwa watoto wote wawili. Kaka akatoka na robo tatu, dada na robo moja. Na kama warithi wa kiume walikuwa wakikaa katika nyumba ya ukoo, dada hakuweza kudai igawanywe mpaka wao watake.

Mabadiliko yaliyoanza tarehe 9 Septemba 2005 yaliliondoa sharti hilo la nyumba na kumfanya binti mshirika kwa kuzaliwa, sawa na kaka yake. Katika mfano wetu kila mmoja sasa hupata nusu. Wengine wakashikilia kuwa ni lazima baba awe hai siku hiyo, hata Mahakama Kuu Kabisa ya India ikaamua, Agosti 2020, kwamba hilo si sharti. Ila mgawanyo uliokwisha kuandikishwa rasmi kabla ya tarehe 20 Desemba 2004 haufunguliwi tena.

Kaka wanaijua sheria, na ndiyo maana wakaleta karatasi. Huko Rajasthan desturi hii ina jina kabisa: haq tyag, kuacha haki. Neno "haq" hamhitaji kutafsiriwa. Dada hutia saini ili asionekane ana tamaa, na ili nyumba ya wazazi isimfungie mlango.

Tena mambo haya hayakuwa mbali nasi. Wamemoni wa Kutch ni Waislamu, lakini kwa karne nyingi walirithiana kwa ada za Kihindu. Waliohamia Mombasa walipofikishana mahakamani, katika kesi ya Abdurahim Haji Ismail Mithu na Halimabai, rufaa ilifika hadi London, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ikaamuliwa kuwa waliokuja kukaa miongoni mwa Waislamu wa pwani hii wameichukua sheria ya Kiislamu ya mirathi.

Basi nilimwambia yule bibi: jirani asitie saini kwanza. Ampate wakili wa huko Gujarat amtazamie mambo mawili, kama shamba ni la ukoo kweli au lilinunuliwa na baba, na kama liliwahi kugawanywa kwa hati.

Kisha nikamuuliza yeye kuhusu nyumba ya marehemu baba yake. Akacheka kidogo, akajifunika uso kwa ncha ya buibui. Alitia saini siku ya tatu ya matanga, akasema, na karatasi hakuisoma, kwa kuwa aliyeileta ni kaka yake mkubwa.

Tumeagana anitafutie nakala yake, aniletee Jumamosi baada ya Alasiri.