Kiangazi cha Nani?

Katika miswada ya riwaya tunayopeana kusoma sisi chipukizi, kuna mhusika mmoja nimemchoka. Ni kijana wa Dar es Salaam, ana kazi nzuri, na kila mwezi wa saba hupata "likizo ya kiangazi". Basi humchukua mchumba wake wakaenda kuzunguka nchi: miji, maziwa, milima. Wanateremka Mbeya. Jua kali, mwandishi anatuambia. Kijana anafungua vifungo vya shati, binti anajipepea kwa kitenge, wanaagiza soda baridi sana.

Mbeya hiyohiyo? Mwezi wa saba? Mji ule uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Watu wanatembea na masweta na makoti, na muuza mahindi ya kuchoma anazungukwa kwa ajili ya jiko lake kuliko mahindi yake. Binti yule anayejipepea angerudi Dar na kichomi.

Najua kosa limetoka wapi. Shuleni tuliambiwa kiangazi ndiyo ile "summer" ya Wazungu, tukameza bila kutafuna. Kumbe kwetu kiangazi ni ukavu, mvua kukatika, wala si lazima pawe na joto. Muulize mtu yeyote wa pwani: joto huja na kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi. Juni hadi Agosti ni kipupwe, na hata Kariakoo asubuhi unaona watu wamejikunyata. Ulaya Julai ni joto kwa sababu upande wao wa dunia ndio umeinamia jua. Mbeya iko nyuzi kama 9 kusini mwa Ikweta. Jua la Julai limekwenda kwa wenyewe.

Kama ungekuwa ugonjwa wa riwaya tu, ningenyamaza. Lakini sasa hata mtu anayetaka kusafiri kweli anapanga hivyohivyo. Anachukua kipeperushi kilichoandikwa kwa ajili ya mgeni mwenye likizo ya Julai, ananakili: siku kumi, Dar, Arusha, Kilimanjaro, Mwanza, halafu Kigoma kuona Ziwa Tanganyika. Hebu chukua uzi upime kwenye ramani. Dar mpaka Mbeya peke yake ni kilomita 830 hivi. Mpango wa namna ile unafaa Uswisi, ambako mtu anaamka Zürich, anakula mchana kando ya ziwa Lucerne, analala Interlaken chini ya milima. Nchi yao ni kilomita za mraba 41,000 na ushei. Yetu ni 945,000. Uswisi inaingia humu zaidi ya mara 20, na reli yao ni reli! Ukipanga Tanzania kama Uswisi, utakachoona ni kisogo cha abiria aliyekaa mbele yako.

Mimi nasema chagua kona moja tu. Na kwa anayetaka mji, ziwa na mlima kwa pamoja, kona hiyo ni Nyanda za Juu Kusini. Watu wa Kaskazini watanuna, wanune tu, mlima wao umeshasifiwa vya kutosha.

Panda basi la alfajiri pale Mbezi. Tangu 2023 mabasi ya usiku yameruhusiwa tena, na vijana wengi wanayakimbilia ili "kuokoa siku". Siku gani unaokoa? Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na mchana utawaona twiga na swala, na ukibahatika tembo, kwa nauli ileile ya basi. Mbele yake kuna mibuyu, halafu Kitonga, malori yanapanda yakipumua kama wazee. Anayepita huku amelala asije akaniambia anaandika riwaya ya nchi hii.

Mbeya mjini kaa siku moja au mbili, ule mchele, uuangalie Mlima Loleza, uondoke. Mji ni mlango tu. Ukishuka kuelekea Tukuyu ndipo mambo yanapoanza. Kuna Ziwa Ngozi, limekaa ndani ya kreta ya volkano. Unapanda kwa miguu ndani ya msitu, huoni maji kabisa, mpaka unafika ukingoni na ziwa lote liko chini yako, kimya. Wenyeji wana masimulizi ya Wajerumani na mali waliyoizamisha humo. Msikilize anayekuongoza, kila mmoja ana lake. Kuna Daraja la Mungu, mwamba ulioachwa na lava, mto Kiwira ukipita chini yake. Na kuna Rungwe mwenyewe, karibu mita 2,960.

Hapo Rungwe ndipo wawindaji walipowatajia watafiti, mwaka 2003, nyani mmoja anayeitwa kipunji. Sayansi ilikuwa haimjui. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani wa Afrika tangu 1923. Wanyakyusa walikuwa na jina lake siku zote! Sisi tunaojiita waandishi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunaandika theluji.

Sasa nirudi kwenye kalenda, maana hapa ndipo "likizo ya kiangazi" inapomwumbua mtu. Juu ya Tukuyu kuna uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi, ambao watu huuita Bustani ya Mungu. Ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, ikiwemo okidi ambazo viazi vyake vilikuwa vinachimbwa na kuvushwa kwenda kuliwa Zambia. Maua hayo yanataka mvua. Huchanua kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili. Nenda Julai na kipeperushi chako uone: nyasi za kahawia na umande ulioganda. Nenda Disemba, wakati hata shule zetu zimefungwa, unakuta uwanda umeanza kuvaa nguo. Matope je? Yapo, tena ya kutosha, na njia ya Ngozi utapanda ukishika mizizi. Matope yanafuliwa.

Kisha uteremke Kyela. Kutoka Kitulo mita 2,600 mpaka Ziwa Nyasa lililo mita 470 na ushei, unavua nguo moja baada ya nyingine kadiri unavyoshuka: koti, sweta, mwisho unabaki na fulana. (Mwandishi mwenzangu, kama lazima binti ajipepee, mlete hapa!) Kutoka Kyela unatafuta gari la Matema, au bodaboda ukiwa na haraka na roho ngumu. Matema ndiyo mwisho wa ziwa, na Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja mpaka majini, hakuna hata nafasi ya barabara. Ng'ambo kidogo, kwa mtumbwi, ni Ikombe, wanakofinyanga vyungu akina mama wa Kikisi. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa hili vibaya. Sababu nyingine ya kuiogopa ile Julai.

Mwenye siku zaidi apande MV Mbeya II, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2021, ashuke nayo mpaka Mbamba Bay, kisha Songea. Ratiba aulizie Kyela kwa watu, asiiamini ya karatasi. Songea asipite bila kwenda kwenye makumbusho ya Majimaji, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni tarehe 27 Februari 1906. Kurudi kwake ni Njombe, Iringa, Dar.

Nasikia mnavyoguna. "Pesa, bwana!" Ni kweli, pesa ni ngumu, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anayeuza vocha hawezi kukurupuka tu akaenda Mbamba Bay. Lakini haya niliyoyataja yanapitwa kila siku na wauza ndizi, walimu wanaokwenda kituo kipya cha kazi, wanafunzi wa bweni. Wanapanda mabasi hayohayo na meli hiyohiyo. Na hifadhini kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Aliyeuza wazo kwamba kutazama nchi ni kazi ya Wazungu ametuibia zaidi ya nauli.

Mwaka 1896 Mngazija mmoja, Salim bin Abakari, alisafiri mpaka Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani. Akayaandika kwa Kiswahili, na mwaka 1901 yakachapishwa katika kitabu cha Velten cha safari za Waswahili. Yule alikuwa na haki ya kuandika baridi ya Siberia, ilimpiga usoni. Mtumishi alifika, akatazama, akaandika. Sisi tuna basi la moja kwa moja na tunaandika Mbeya ya kubuni.

Ukifika Matema siku ya gulio, keti karibu na wauza vyungu usikilize bei inavyobishaniwa, Kikisi huku, Kinyakyusa kule, na Kiswahili kikiingilia pale mambo yanapokwama. Maneno yale sijayakuta bado katika mswada wowote tuliopeana.