Daraja la Jinja na Mzigo wa Mzee



Ni nyumba chache hapa Pwani zisizokuwa na mtu anayekula kwa barabara ya Kampala: dereva wa lori, utingo, karani wa bandari, au mama anayewauzia madereva chai. Shehena ya Kilindini inayokwenda Kampala na Kigali kwa barabara hupita Malaba au Busia, kisha huuvuka Mto Nili mjini Jinja.

Kwa zaidi ya miaka sitini magari yalivukia juu ya bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954. Bwawa hilo lilikuwa na kazi mbili: kuzuia maji ya kuzalishia umeme na kubeba barabara. Malori yakazidi wingi na uzito, nalo likazidi kuzeeka.

Tarehe 17 Oktoba 2018 lilifunguliwa daraja jipya la mita 525, lililojengwa kwa msaada wa mkopo wa Japani. Minara miwili imesimama, na kutoka kila mnara zimeshuka nyaya nene za chuma, huku na huku, zikiishikilia njia. Uzito wa lori hupokewa na nyaya, nyaya huufikisha mnarani, na mnara huuteremsha ardhini. Ndiyo maana baina ya minara, masafa ya mita 290, hapana nguzo hata moja majini. Na mnara hauinami, kwani nyaya za pande zote mbili huvuta kwa mizani.

La kuzingatia ni hili: daraja lilijengwa bwawa lingali limesimama. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakukosea. Majumbani mwetu, mzee mmoja, au kijana mmoja mwenye kazi, hutwikwa karo, dawa, kodi ya nyumba na gharama za harusi. Hunyamaza kwa staha, nasi tukadhani kimya chake ni nguvu. Siku akianguka, ndipo tunapoitana kikao.

Basi kikao na kiwe wiki hii. Hesabuni nani anabeba nini, kisha kila mmoja ashike waya wake, hata ukiwa mwembamba. Wala mzee asihofu kuwa atawekwa kando: bwawa la Nalubaale limepunguziwa malori, na hadi leo linatoa umeme.

Wabillahi tawfiq.