Amri ya kupaka rangi haitoshi, halmashauri zichangie gharama

Kila baada ya miaka michache, tangazo la aina moja hubandikwa kwenye mbao za matangazo za halmashauri nyingi nchini Tanzania. Wenye majengo ya biashara yaliyo kando ya barabara kuu wanatakiwa kuyakarabati na kuyapaka rangi kabla ya tarehe fulani, na atakayekaidi atatozwa faini. Tarehe hufika. Wachache hupaka ukuta wa mbele tu, ule utakaoonekana na mkuu wa wilaya akipita na msafara wake. Wengine humalizana na mgambo. Nyuma ya duka bati limetoboka vilevile, mtaro umeziba, na mvua ikinyesha mwenye duka anahamisha magunia ya sukari kutoka kona moja kwenda nyingine.

Ni rahisi kusema kwamba wenye majengo hao ni wabahili au hawapendi maendeleo. Wapo wa namna hiyo, hapana ubishi. Lakini mtu akikaa chini na kalamu atagundua kwamba wengi wao wamepiga hesabu vizuri kuliko wataalamu wa halmashauri wanaowapelekea barua.

Chukua mfano wa mtu mwenye fremu nne katika mji mdogo, kila moja akiipangisha kwa Sh 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka anapata Sh 7,200,000. Tuseme kubadili bati, kuziba nyufa, kufukua mtaro na kupaka rangi kutamgharimu Sh 6,000,000. Hayo ni makusanyo ya miezi 10. Je, baada ya kazi hiyo wapangaji watamlipa zaidi? Katika mji ambao mzunguko wa fedha hutegemea msimu wa mavuno, huenda wasiweze. Akiongeza ghorofa moja juu ya fremu zake, kodi ya majengo nayo inapanda. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia LUKU, na mwaka 2023 ilipandishwa kutoka Sh 1,000 hadi Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kutoka Sh 5,000 hadi Sh 7,500 kwa kila ghorofa mijini. Fedha hizo si nyingi kwa mwenye ghorofa la Kariakoo. Lakini ujumbe wake kwa mwenye jengo ni mmoja: ukijenga unatozwa, ukiacha kiwanja na kibanda cha mabanzi katikati ya mji unatozwa kidogo.

Kenya walifuata njia nyingine. Kwa miaka mingi halmashauri zao, na sasa kaunti, zimetoza zaidi kwa kuangalia thamani ya kiwanja chenyewe bila kuhesabu kilichojengwa juu yake. Mwenye jengo zuri na mwenye gofu lililo jirani, viwanja vikiwa sawa, walidaiwa sawa. Mpango huo una kasoro zake, kubwa ikiwa daftari za thamani zilizokaa miongo kadhaa bila kusahihishwa. Hata hivyo haukumwadhibu mtu kwa sababu ya kujenga.

Turudi kwa mpangaji, maana huyo ndiye anayesahaulika kila mara mambo haya yanapojadiliwa. Katika miji mingi mfanyabiashara mdogo hana jengo. Ana fremu ya kupanga. Ameingia kwa kulipa pango la miezi sita au mwaka mzima mkupuo mmoja, na kama eneo lina wateja, ametoa na kilemba. Umeme akinunua yeye, kodi ya jengo lisilo lake inakatwa kwenye fedha yake, na kurudishiwa na mwenye jengo ni suala la uungwana. Sheria inamtaka pia azuie asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA. Wenye nyumba wengi hawakubali kukatwa, kwa hiyo mpangaji analipa pango lote na hiyo asilimia 10 juu yake.

Mtu huyu akiamua kuweka vigae, kubadilisha mlango wa mbao kwa geti la chuma na kupiga rangi, nini hutokea? Mkataba ukiisha mwenye jengo anapita, anatazama, anaona fremu imependeza, anapandisha pango. Mpangaji akilalamika, kuna mwingine mlangoni na kilemba mkononi. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Wapangaji wa fremu wanazijua hila zake zote, na ndiyo maana hawagusi ukuta.

Kusema kweli, halmashauri zimewahi kujaribu kuwapa wafanyabiashara motisha ya kujenga, ingawa hazikuiita hivyo. Ni ile mikataba ya vibanda vya masoko na stendi. Halmashauri ilikuwa na ardhi lakini haina fedha. Ikamwambia mfanyabiashara: chukua eneo hili kando ya ukuta wa soko, jenga fremu kwa ramani yetu na kwa fedha yako, utalipa kodi ndogo kwa miaka kadhaa mpaka gharama yako irudi, kisha kibanda kitakuwa cha halmashauri. Wazo halikuwa baya. Miji mingi ilipata maduka ya matofali mahali palipokuwa na mabanda ya magunia, na hazina ya halmashauri haikutoa hata senti.

Lakini mambo yalikwenda mrama, na sababu zake zinafaa kuangaliwa kwa makini. Kwanza, waliopewa maeneo mara nyingi hawakuwa wauza nyanya na wauza nguo waliokuwapo hapo tangu zamani. Walikuwa wenye fedha za kujenga au wenye jamaa ofisini. Hao walijenga, kisha wakapangisha. Halmashauri ikabaki inapokea kodi kiduchu kutoka kwa mjenzi, wakati mjenzi anapokea mara kadhaa ya kiasi hicho kutoka kwa mchuuzi aliye ndani. Pili, mikataba mingine haikusema wazi gharama ya ujenzi ilikuwa kiasi gani na ingerudi lini. Mingine ilipotea kwenye mafaili. Tatu, halmashauri zilipozinduka na kutaka kodi ya soko, zilipandisha kwa ghafla au zikavunja mikataba, na kesi zikaanza. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimegusia zaidi ya mara moja udhaifu wa halmashauri katika kusimamia vibanda hivyo. Aliyeumia pande zote ni mchuuzi. Ugomvi ulipokuwa mkali kufuli liliwekwa kwenye mlango wake yeye, si wa aliyeandikwa kwenye mkataba.

Kwa hiyo swali si kama halmashauri zitoe motisha au zisitoe. Zimeshatoa. Swali ni nani aliipata na kwa masharti gani.

Huko Marekani, jiji la Chicago lina mpango wa siku nyingi wa kuwarudishia wafanyabiashara wadogo sehemu ya gharama za kukarabati maduka na karakana. Fedha hazitolewi mwanzoni. Mwombaji anapeleka makadirio, anapata idhini, anafanya kazi, anakaguliwa, ndipo analipwa. Kinachorudishwa ni kati ya asilimia 30 na 90 ya gharama kulingana na ukubwa wa biashara, na kwa maduka kikomo kimekuwa dola 150,000. Paa, mabomba, mitambo ya kupasha joto na sura ya mbele ya duka vyote vinaingia. La kuzingatia zaidi ni kwamba hata mpangaji anaweza kuomba, si mwenye jengo peke yake.

Fedha hizo hutoka wapi? Sheria ya jimbo la Illinois ya mwaka 1977 inaruhusu mji kuchora mpaka kuzunguka eneo lililochakaa na kuandika thamani ya majengo yake siku hiyo. Kwa miaka hadi 23, kodi yote inayotokana na thamani kupanda juu ya kiwango hicho inaingia kwenye mfuko wa eneo hilohilo. Jengo likiboreshwa, kodi inaongezeka, mfuko unakua, jengo linalofuata linapata. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa vitendo Chicago imelaumiwa kwa miaka mingi kwamba maeneo ya katikati ya jiji, ambayo yangestawi hata bila msaada, yalichorewa mipaka na wawekezaji wakubwa wakafaidi, huku shule zikikosa kodi ambayo ingekuwa yao. Mpango wa wafanyabiashara wadogo ni sehemu ndogo tu ya fedha zote za mfuko huo, ila ndiyo sehemu ambayo ni vigumu kuilaumu.

Kwa Tanzania mfuko wa namna hiyo hauwezekani kwa sasa. Kodi ya majengo ilianza kuhamishiwa TRA mwaka 2016, na ingawa sehemu yake hurudi halmashauri, mkurugenzi hawezi kuifunga kwenye mtaa mmoja. Kilichobaki mikononi mwake ni mapato ya ndani: ushuru wa masoko, leseni, ushuru wa huduma, na ushuru wa mazao. Asilimia 10 ya mapato hayo tayari ina wenyewe kisheria: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kama mikopo isiyo na riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Haifai kuiingilia.

Hata hivyo, asilimia 1 nyingine haiwezi kuiua halmashauri. Tuseme halmashauri inakusanya Sh bilioni 3 kwa mwaka. Asilimia 1 ni Sh milioni 30. Ikimrudishia yule mwenye fremu nne asilimia 30 ya gharama zake, yaani Sh 1,800,000, kwa mwaka inaweza kusaidia majengo 16 ya namna hiyo. Ni kidogo, ndiyo. Lakini majengo 16 kila mwaka katika mji mdogo, kwa miaka mitano, ni mtaa mzima. Na kwa kila Sh 1,800,000 ya halmashauri, mwenye jengo ametoa Sh 4,200,000 yake, ambazo zimekwenda kwa mafundi na maduka ya vifaa vya ujenzi ya mji huohuo.

Sharti lake liwe moja na liandikwe: anayerudishiwa fedha asipandishe pango wala kumtoa mpangaji aliyemo kwa miaka mitatu, na nakala ya mkataba wa pango ikae halmashauri. Akivunja, arudishe fedha. Pasipo sharti hilo, mpango utakuwa zawadi kwa wenye majengo na notisi ya kuhama kwa wapangaji.

Wapo watakaouliza ni kwa nini mkulima, ambaye hana fremu mjini, achangie kupendezesha maduka ya wengine. Ni swali la haki. Ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, ni nguzo ya mapato katika halmashauri za vijijini. Fedha ya mkulima imo kwenye kapu. Basi mpango uanze na majengo yanayomgusa yeye: maghala binafsi ya wanunuzi wa nafaka, mashine za kukoboa na kusaga, mabanda ya kupokelea mazao. Mahindi yakilala kwenye ghala linalovuja yanalowa, yanapata ukungu, na mnunuzi anashusha bei. Hapo hasara ya pesa ni ndogo ikilinganishwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sakafu ya saruji, chaga za mbao na paa zima ni ukarabati wa jengo la biashara kama ulivyo ukarabati wa duka la simu.

Serikali, kwa upande wake, imekuwa ikijenga masoko mapya na kukarabati ya zamani. Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021 likafanyiwa ukarabati na upanuzi mkubwa, na mradi wa TACTIC unagusa miji 45. Hizo ni kazi njema. Ila soko jipya la ghorofa likizungukwa na mitaa ya mabanda yanayovuja, wateja wanabaki nje ambako bei ni nafuu na vizimba vya juu vinabaki vitupu. Imeonekana katika miji zaidi ya mmoja.

Liko jambo moja la kuogopa. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba kazi ya kuongeza nafasi ya maduka chini ya jengo ilikuwa ikiendelea. Fedha ya kurudishiwa isimvutie mtu kubomoa nguzo ili apate fremu ya tano. Mhandisi wa halmashauri akague kabla ya kazi, katikati na mwishoni, na malipo yafuate saini yake ya tatu. Kazi ya kuongeza ghorofa au kuchimba chini isiingie kabisa kwenye mpango huu.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai 1, lakini bajeti yake hujadiliwa miezi mingi kabla, na mapendekezo hupitia kamati ya maendeleo ya kata kabla ya kufika baraza la madiwani. Chama cha wafanyabiashara wa soko au ushirika wa wakulima unaotaka fungu hilo liwemo inabidi umfikie diwani kabla ya Januari, na karatasi yenye majina ya majengo na makadirio ya fundi mkononi. Wakifika Machi watakuta vitabu vimeshafungwa.