Mwanao akikosa penalti, utamwambia nini?

Ijumaa ya Julai 2, 2010, ilipokaribia saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki, vibanda umiza vilikuwa bado vimejaa. Watoto ambao siku nyingine wangekuwa wamelala zamani walikuwa wamekaa sakafuni mbele ya televisheni, na wazazi wengi hawakuwa na moyo wa kuwafukuza. Ghana ilikuwa ikicheza na Uruguay robo fainali ya Kombe la Dunia pale Soccer City, Johannesburg. Timu za Afrika zilianza sita, ikawa imebaki moja. Kamerun mwaka 1990 na Senegal mwaka 2002 ziliishia hatua hiyohiyo, na nusu fainali ilikuwa haijawahi kuona timu ya bara hili.

Sulley Muntari alifunga kwa shuti la mbali kabla ya mapumziko, Diego Forlán akasawazisha kwa mpira wa adhabu. Ikaja dakika ya 120. Mpira wa adhabu wa Ghana ukaingia kwenye msongamano, Stephen Appiah akapiga, Luis Suárez akauzuia kwa mguu akiwa mstarini. Ukarudi juu, Dominic Adiyiah akaupiga kichwa, na Suárez, ambaye ni mshambuliaji wala si kipa, akaupangua kwa mikono. Kadi nyekundu. Penalti. Asamoah Gyan, aliyekuwa ameshafunga penalti mbili kwenye mashindano hayohayo dhidi ya Serbia na Australia, akapiga. Mpira ukagonga mtambaa panya ukapaa. Suárez, aliyetoka uwanjani akilia, akaonekana kwenye njia ya kuingia vyumbani akishangilia.

Ukimuuliza shabiki wa Afrika ni tukio gani moja la michezo angelifuta kama angeweza, mara nyingi atataja usiku huo. Atataja mkono wa Suárez kwanza.

Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule leo wanaikuta video hiyo kwenye simu ya baba au mama, na swali lao linafanana: kwa nini refa hakulihesabu tu lile goli? Ni swali zuri na lina jibu. Sheria za soka haziruhusu refa kutoa goli ambalo mpira haukuvuka mstari, hata kama kila mtu uwanjani anajua ungevuka. Anachoweza kutoa ni penalti, na aliyezuia anatolewa nje. Kwenye raga ni tofauti. Huko mchezaji akizuia kwa hila alama ambayo ingepatikana, refa anaweza kuipa timu iliyoonewa alama hizo moja kwa moja. Mtoto wa miaka minane atakwambia raga wana akili zaidi, na si rahisi kumbishia.

Hapo wazazi wengi hukata mazungumzo kwa neno moja: mwizi. Lakini Suárez alilipa kile sheria ilichotaka alipe. Alitolewa, akaikosa nusu fainali, na Uruguay ikafungwa na Uholanzi 3-2. Mwaka 2022, timu hizo zilipokutana tena Qatar, alikataa kuomba radhi, akasema aliyekosa penalti ni mchezaji wa Ghana, si yeye. Kisheria ana hoja. Kiungwana, kila nyumba itaamua yenyewe. Ila ni vigumu kidogo kwa baba anayemwita Suárez mwizi Ijumaa usiku, halafu Jumamosi asubuhi amesimama pembeni ya uwanja wa shule akimpigia kelele mwanawe amshike jezi yule mwenye mpira. Mtoto anasikia yote mawili.

Mkono wa Suárez, hata hivyo, ni jambo la kubishania tu. Linaloingia ndani ya nyumba za watu ni mkwaju wa Gyan.

Kila msimu wa Umitashumta, na kila bonanza la mtaani, kuna mtoto anayerudi nyumbani akiwa ndiye aliyekosa. Shule nzima imeona. Kwenye daladala wenzake wamekaa mbali naye, au wamekaa karibu wakimcheka. Mama anamwambia "ni mchezo tu," naye anajua si mchezo tu, kwa hiyo anajifunza kwamba mama haelewi. Baba anaanza kumweleza mguu wa kuegemea ulipaswa uwe wapi. Mjomba, ambaye hana nia mbaya hata chembe, anamwita Baggio wakati wa chakula cha usiku na jina linabaki mwaka mzima.

Jioni ya kwanza haihitaji somo lolote. Maji ya kuoga, chakula, na ruhusa ya kutosema kitu. Akilia, aachwe alie, wa kiume hali kadhalika. Gyan alikuwa na miaka 24 na alilia mbele ya dunia nzima, wenzake wakamshikilia.

Siku mbili tatu baadaye kuna swali moja la kuuliza, na si kwa mtoto peke yake: nani alimchagua apige? Mara nyingi sana mtoto wa miaka kumi na moja hakujitokeza. Alisukumwa na mwalimu, au na wazazi waliokuwa wakipaza jina lake kutoka kwenye kivuli cha mwembe. Kama ndivyo ilivyokuwa, mtu mzima aliyehusika amwambie wazi kwamba uamuzi ulikuwa wake. Uzito unapungua kweli mtoto akiona kuna mwenzake wa kuubeba.

Kuhusu kupiga tena, hadithi ya Gyan ina pande mbili. Upande wa kwanza hausimuliwi sana. Dakika chache baada ya mpira kugonga mtambaa panya, ilipofika mikwaju ya kuamua mshindi, mpigaji wa kwanza wa Ghana alikuwa Gyan yuleyule, na alifunga. Ghana ilitolewa 4-2 kwa sababu kipa aliidaka mikwaju ya John Mensah na Adiyiah.

Upande wa pili ni wa mama yake. Mwaka 2012 Gyan alikosa penalti nyingine, nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Zambia, na Ghana ikalala 1-0. Maneno ya mashabiki yalikuwa makali kiasi kwamba alijiweka kando na timu ya taifa kwa muda. Alieleza baadaye kwamba mama yake alimwomba asiipigie tena nchi penalti. Mama huyo alifariki Novemba mwaka huohuo. Kwenye mashindano ya 2013 Gyan alikuwa nahodha, na penalti alimwachia Mubarak Wakaso.

Wapo watakaosema mama alimdekeza. Mama yule alikuwa ameona watu wanavyomsema mwanawe, na Gyan alikuwa mtu mzima aliyeweza kukataa au kukubali. Kwa mtoto wa shule ya msingi, kumkataza moja kwa moja ni mapema mno, na kumlazimisha apige wiki ijayo "ili azoee" ni ukatili mdogo. Aulizwe mwenyewe. Akisema anataka, baba avue viatu vya kazini akae golini. Akisema hataki, aachwe. Timu ina watoto wengine kumi.

Gyan alistaafu akiwa na mabao 51, mengi kuliko Mghana mwingine yeyote aliyeichezea nchi yake. Kwenye Kombe la Dunia alifunga mabao sita, na hakuna Mwafrika aliyekuwa amefikisha idadi hiyo kabla yake. Mwanao akiomba kuoneshwa tena ule mkwaju wa mtambaa panya, usifunge simu hapo. Video iendelee mpaka pale Gyan anapotembea kwenda kuuweka mpira kwa mara ya pili.